Mchi na Kijiko

Naanza na shukrani, kwa sababu malalamiko yangu yote yako Ofisini na hakuna hata moja lililorudi. Naushukuru ufa wa ukutani, maana Kondo, jirani yangu, hunipitishia chumvi humo. Nalishukuru bomba lisilotoa maji. Naishukuru lifti iliyokufa kati ya ghorofa na ghorofa, na kabati la mtu likiwa ndani yake, ingawa mwenye kabati hadi leo husimama mbele ya mlango wa lifti na ufunguo mkononi. Msinicheke. Aliyepanga katika Jengo hili muda niliopanga mimi hushukuru kwa namna yake, kama mtu anayemshukuru mbu aliyemwamsha kabla wali haujaungua. Hasira ninazo pia, tena za kutosha, na nitazitoa humu humu njiani. Lakini siku ile mama yangu aliposhushwa ndiyo iliyonikalisha chini niyaseme haya.

Jengo lina ghorofa ngapi? Sijui, wala simjui anayejua. Siku za joto ngazi huongezeka. Kuna ghorofa ambayo daima ni alasiri, watu wake wanaanika nguo na nguo hazikauki. Kuna nyingine inayonuka maandazi ya asubuhi hata ukipita jua likizama. Ghorofa inapoanza kubomoka, Ofisi haiitengenezi. Huwapandisha juu baadhi ya wapangaji, na waliobaki hubaki na wakati wao, hawazeeki wala hawahami. Sisi tumepandishwa na kupandishwa mpaka tumefika huku, karibu na paa. Kwa hiyo huko chini wapo watu wanaonijua nikiwa mtoto wa kulilia uji, na huku juu nina mvi. Nikijiuliza mimi ni yupi, sipati jibu. Na Mmiliki, anayetumiliki sote bila kumjua hata mmoja, anamiliki yupi kati ya mimi hawa? Swali hili nimelala nalo na kuamka nalo miaka mingi.

Mmiliki hajaonekana. Ubaoni pale chini pameandikwa kwamba yuko njiani, na rangi ya maandishi hupakwa upya kila inapofifia. Hicho ndicho kitu pekee kinachopakwa rangi katika Jengo. Anayeonekana ni Msimamizi, naye haonekani mzima. Ofisi ina dirisha dogo lenye wavu, na chini ya wavu pana tundu, na tunduni hutoka mkono. Basi. Tulilalamika paa linavuja, mkono ukatupatia ndoo. Tulilalamika lifti imekufa, mkono ukatoa kioo kikubwa, tukaambiwa kitundikwe kando ya mlango wa lifti tujitazame tunaposubiri. Kioo chenyewe kinachelewa. Ukisimama mbele yake leo, unaona uso uliokuwa nao zamani.

Wakati mwingine Msimamizi hupaza sauti ndani ya bomba la maji, na sauti hupanda kavu hadi huku kwetu: "Mpo huko juu?"

Hatujibu. Wa mwisho kujibu alipelekewa lawama ya madirisha yote yaliyovunjika. Tukisikia "Mpo?" tunaacha hata kukoroga chai, tunatazamana, tunasubiri sauti ichoke.

Hilo bomba, kwa kuwa maji yalilikataa, tumelifanya mdomo wetu. Lifti ilipokufa tulijiwekea utaratibu, na sidhani kama kuna watu wengine duniani wenye utaratibu huu. Mzigo mzito haubebwi na mtu mmoja kutoka chini hadi juu. Kila ghorofa hubeba ngazi zake tu. Mtungi wa gesi, gunia la unga, kitanda, bi harusi, mama aliyetoka kujifungua: unafika kwenye kibaraza cha ngazi, unasema "Pokeeni," wa ghorofa inayofuata wanasema "Tumepokea," na wewe unarudi kwenye shughuli zako. Hakuna kueleza mzigo ni nini. Hakuna kuuliza ni wa nani. Na kuita wabebaji, unagonga bomba. Kinachopanda hugongewa kijiko, haraka haraka, kwa furaha. Kinachoshuka hugongewa mchi, polepole.

Sasa fikirini. Katika Jengo lisilo na lifti, ni nini kinachobebwa kushuka? Takataka tunashuka nazo wenyewe. Watoto hushuka kwa miguu yao. Kitu pekee kilichowahi kubebwa kushuka ngazi zile ni maiti. Hatukulipanga hivyo. Limekuwa hivyo tu, na mlio wa mchi kwenye bomba ukageuka kuwa mlio wa msiba bila mtu kutoa amri.

Mama yangu, Bi Zuwena, miguu ilimgomea tangu tulipopandishwa huku. Hushinda kwenye kiti chake cha mikono karibu na dirisha, akitazama mawingu na kuyatukana yakipita bila kunyesha. Ana ulimi mkali na moyo laini. Asubuhi moja alisukuma kikombe chake cha chai pembeni akaniambia, "Tunu, nataka kukanyaga udongo."

Nilimletea udongo. Nilishuka ngazi zote, nikapenya ule mlango mdogo wa kando ambao mtu hupita kiubavu akiwa amezuia pumzi, nikajaza beseni, nikapanda nalo. Mama aliutazama kama mtu aliyeletewa kiporo.

"Huu umebebwa," alisema. "Mimi nataka uliokaa mahali pake."

"Mama, lifti..."

"Nisikilize. Najua siku moja nitashushwa. Kila mtu humu hushushwa. Ila sitaki safari yangu ya kushuka iwe ile nisiyoiona."

Alikuwa amekonda. Usiku pumzi yake ilikuwa inaruka kama uzi unaotaka kukatika, na mimi nilikuwa nalala nikiisikiliza. Niliogopa. Nilijua hatuna muda mrefu, na nilijua kwamba nikichelewa, mchi utagongwa tu, lakini yeye hatakuwepo kuusikia. Nikaenda jikoni, nikauchukua mchi kwenye kinu, nikalikabili bomba.

Kuna kijiko na kuna mchi. Hakuna cha tatu. Nilisimama pale nikitafuta chombo ambacho mlio wake ungesema "anashuka, ila yu hai." Niligusa mwiko. Niligusa kifuniko cha sufuria. Watu wangesema nini wakisikia mlio wasioujua? Wangenyamaza, kama wanavyomnyamazia Msimamizi. Kushuka ni kushuka, nikasema moyoni, wakija watamwona. Nikagonga mchi.

Jengo likanyamaza. Halafu chini kabisa, ukasikika ukemi wa kwanza wa msiba.

Kondo aliingia akiwa amevaa kanzu na kofia, macho mekundu, nyuma yake wanaume wa ghorofa yetu na wanawake waliojifunga kanga viunoni. Kondo ni mtu mkubwa mwenye sauti ndogo. Alianza, "Poleni sana, Tunu, kazi ya Mungu..." kisha akamwona mama yangu kitini, akipuliza chai.

"Kondo," mama alisema, "mbona umechelewa? Chai yangu ya pili hii."

Kondo alivua kofia. Akaivaa tena. "Bi Zuwena. Nani... nani amefariki?"

"Hakuna. Nataka kwenda kukanyaga udongo nje ya lango."

"Lakini mchi umeshagongwa."

"Ndiyo, mimi ni wa kushuka."

Wakatazamana. Chini vilio vilikuwa vimeshapokezana ghorofa baada ya ghorofa, huwezi kuvirudisha. Mtu mmoja alinong'ona kwamba ni mkosi kumbeba mtu hai kwa mlio wa mchi. Mwingine akasema mkosi ni kugonga na kutobeba. Kondo aliinama akashika mguu mmoja wa kiti. "Mzigo hauelezwi," alisema. "Shikeni."

Hivyo ndivyo mama yangu alivyotoka nyumbani, ameketi, kikombe mkononi, nami nyuma nimeshika ndara zake. Kibarazani Kondo alisema, "Pokeeni." Wakasema, "Tumepokea." Kondo alipaswa kurudi juu, hiyo ndiyo kanuni. Hakurudi. Alinifuata nyuma, na ngazi zile zilikuwa zinajikunja na kujikunjua mbele yetu, mara pana, mara nyembamba.

Ghorofa iliyo chini yetu walikuwa wameinamisha vichwa wakilia kwa haki, hawakutazama kiti kina nani. Walimjua Mama kama bibi. Mwanamke mmoja alikuwa anamsifu huku kajifunika uso: "Bibi yetu! Zile siku bomba lilipokuwa likitoa maji, aligonga kijiko kutuambia kabla hajakinga ndoo yake mwenyewe. Hakukinga kwanza hata siku moja!"

"Siku moja nilikinga kwanza," alisema Mama. "Nilikuwa na nguo za kuloweka."

Mwanamke yule alipiga kelele, kanga ikamdondoka. Kisha akacheka, kisha akalia tena, safari hii kwa namna nyingine, akambusu Mama mkono. Niliona uso wa mama yangu. Haukuwa uso wa mtu anayefanya mzaha. Alikuwa amesikia jambo ambalo watu humwambia mtu asipokuwepo, na alikuwepo.

Tukashuka. Pale penye alasiri, nguo zilining'inia bila kukauka, na Mama alinyoosha mkono akazigusa moja moja. Nilimwona anabadilika. Sitasema alikuwa mchanga, maana sijui niliona nini. Nasema tu kwamba watu walivyombadilishia jina, naye alikaa tofauti kitini. Juu alikuwa Bibi. Hapa wakamwita Shangazi, na mgongo ukanyooka. Ghorofa iliyofuata, ile ya maandazi, alitoka Mama Sijali, mwanamke ambaye kwa kulia msibani hana mpinzani, amejitwika mikono kichwani.

"Mama Tunu! Mama Tunu umeniacha na nani! Nilipolazwa, ni wewe uliyemnyonyesha Sijali wangu pamoja na wako, titi hili wako, titi hili wangu, na sikukuambia ahsante, nilirudi nimekonda, nikaona aibu, nikanyamaza!"

"Ulisema," Mama alimjibu taratibu. "Uliniletea maandazi kila asubuhi mpaka nikapandishwa. Ulidhani nilidhani ni ya nini?"

Mama Sijali alimtazama, akanitazama mimi, mwenye mvi. "Na huyu nani? Tunu yuko wapi? Amekula?"

Nilitaka kumjibu. Katika ghorofa ile mimi ni mtoto, na kuna mtu ambaye mpaka leo anauliza kama nimekula. Nimeishi miaka nikidhani Jengo hili limetunyang'anya kila kitu kwa kutupandisha na kutupandisha, kumbe katika kila sakafu tuliyoiacha alibaki mtu ametushikia nafasi. "Amekula, mama," nilisema. "Ameshiba."

Mama Sijali naye akatufuata. Na wengine wakafuata. Kanuni ya kila mtu na ngazi zake ilikuwa inavunjika bila mtu kuitangaza, na ngazi zilijaa.

Karibu na chini kabisa tulipita mlango wa kijani. Wanawake wa pale walikuwa wanaita, "Bi harusi! Bi harusi wetu!" wakilia. Ndani ya mlango ule mtu alikohoa. Ni kikohozi cha baba yangu, nakijua. Tulikigongea mchi zamani, huko juu, mwaka ambao sitaki kuutaja. Mama alinyoosha kiganja, kiti kikasimama. Tulisubiri sote, ngazi nzima. Hakikusikika tena.

"Nashukuru," Mama aliuambia mlango. Kisha akatuambia, "Twendeni, chai inapoa."

Uani ni saruji tupu, kutoka mlango wa ngazi hadi lango. Udongo uko nje. Ule mlango mdogo wa kando kiti hakipiti, na Mama hawezi kusimama kiubavu. Lango kubwa hufunguliwa kwa watu wawili tu: Mmiliki atakapofika, na maiti. Tukasimama mbele ya dirisha la Ofisi, umati wa watu wenye macho mekundu, na mama yangu katikati. Mkono ukatoka tunduni, vidole vikipapasa hewa.

"Nini?" sauti ya Msimamizi iliuliza.

"Tunaomba lango," alisema Kondo.

"Ni maiti?"

Niliwatazama wenzangu, wakanitazama mimi, kwa sababu mzazi ni wangu. Nilifungua mdomo. Kusema ndiyo ni kumwua mama yangu kwa ulimi wangu mwenyewe. Kusema hapana ni kumrudisha juu, na juu kunamsubiri mchi wa pili, ule asioutaka. Yote aliyoyaomba yalikuwa hatua chache nyuma ya vile vyuma, na mimi, mwenye maneno mengi kama mnavyoona, nilikosa neno.

"Nauliza, ni maiti?"

"Ndiyo, ni maiti," alisema Mama. "Fungua."

Mkono ulitulia kidogo. Kisha ukarudi ndani, tukasikia kalamu ikikwaruza, na lango likaanza kuguna. Nimelifikiria sana jambo lile. Tumeilalamikia Ofisi miaka yote kwamba haisikilizi, na siku ile kutosikiliza kwake ndiko kulikotufungulia. Nashukuru hata kwa hilo, japo shukrani hiyo ina meno.

Nje mvua ilikuwa imepita. Palikuwa na kipande cha ardhi kisichojengwa, na majani yaliyoliwa na mbuzi. Tulikiweka kiti. Mama alinipa kikombe, akaushika mkono wa Kondo na mkono wa Mama Sijali, akaishusha miguu yake. Vidole viligusa. Vikakunjika, vikakunjuka, vikazama.

"Baridi!" alisema, akacheka kicheko ambacho sikuwahi kukisikia kwa mtu wa umri wake. Akakaa hivyo. Hakusema jambo kubwa. Alitazama chini tu, akisogeza vidole, na sisi sote tuliojiandaa kuzika tulisimama tukiwa hatuna la kufanya na mikono yetu. Kondo akavua viatu. Halafu Mama Sijali. Halafu nikaona watu wote wa Jengo wako peku kwenye tope, wengine wakijifuta machozi ya msiba ambao haukutokea.

Nilijua furaha siku ile. Naiandika kwa jina lake.

Tulipogeuka kurudi, lango lilikuwa bado wazi, likingoja wazikaji. Mkono ulitoka.

"Mmeshamaliza?"

"Tumemaliza," alisema Kondo.

"Mpangaji amefutwa. Na hicho kiti kina nini?"

Kondo alinitazama. Safari hii neno nililipata. "Kina mgeni."

"Ana namba ya chumba?"

"Hana."

"Basi si wetu."

"Si wenu," alisema Mama, kwa upole.

Chini ya ngazi Mama Sijali alichomoa kijiko kilichokuwa kimechomekwa kwenye pindo la kanga yake, akaligonga bomba, haraka haraka, kama wanavyogongewa maharusi na vichanga. Hakuna mtu aliyekuwa amebaki juu kuupokea mlio, tulikuwa sote pale, lakini aligonga. Kisha kila ghorofa ikakimbilia mahali pake ili ipate kupokea. Mzigo hauulizwi ni wa nani, ila mtu anayepandishwa mara ya kwanza, kwa desturi, huulizwa anakuja kwa nani, naye hutaja mwenyeji wake.

"Unakuja kwa nani?" waliuliza wa mlango wa kijani, wakati vigelegele vikipasua masikio.

"Kwenu."

"Unakuja kwa nani?" waliuliza wa maandazi.

"Kwenu."

Hivyo hivyo hadi juu, kila sakafu jibu moja, na kila alipowekwa chini kubadilishana wabebaji aliacha tope la nyayo zake kibarazani. Nilitaka kumwosha miguu tulipofika ndani. Alikataa.

Tangu hapo mama yangu si mpangaji wa Mmiliki. Ofisini hayupo. Hana chumba, hana namba, amefutwa kwa kalamu. Anaishi kwetu, na ni mtu wa kwanza katika Jengo hili ambaye ninaweza kusema bila kusita ni wa nani. Lifti bado imekufa. Paa bado linavuja kwenye ndoo ya Ofisi. Pumzi zake bado zinaruka, na siku ile nyingine itakuja, najua, na sina ugomvi nayo kama zamani.

Juzi tulikuwa tunakunywa chai. Bomba likakoroma, na sauti ikapanda kutoka chini: "Mpo huko juu?"

Niliacha kukoroga. Kondo, kwenye ufa, akazuia pumzi. Mama alijiinua kidogo kitini, akasogeza mdomo wake karibu na bomba, yeye ambaye Ofisini ni marehemu.

"Tupo," alisema.

Chini yetu, wa ghorofa inayofuata wakalipokea. "Tupo." Kisha wa alasiri. Kisha wa maandazi. Nilisikia neno likishuka, mkono kwa mkono, mpaka kwenye mlango wa kijani, na pale nikasikia mtu akikohoa kabla ya kulipitisha.